Swali la Arobaini na Moja

Ghorofa ya nne, Dundee. Dirisha linatazama mto Tay
na ukungu umelifuta daraja kama kosa la tahajia.
Ishbel Lornie amelivika birika la chai kofia ya sufu,
amefungua ukurasa wa mia mbili na tatu
kutoka kulia, kama mkono wake ulivyozoea miaka ishirini.

Kitabu ni cha Dhannun Sarraf wa Mosul.
Hamna ngamia ndani yake. Hamna mtende.
Yumo Mikdad, fundi wa friji,
anayepita nyumba hadi nyumba baada ya vita
akiuliza kwa adabu: yenu ingali ikigandisha?

London wakatuma picha ya jalada:
ngamia watatu, na jua linazama.
Akawajibu kwa mstari mmoja:
"Hawa nao wanataka kutengenezewa friji?"
Wakamwondoa ngamia mmoja.

Maswali alimtumia Dhannun kwa simu, kwa namba.
La tisa: bibi huyu anacheka au anakohoa?
Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake jenereta likikoroma
na mtu akinadi nyanya:
"Anacheka, binti yangu, halafu anakohoa. Andika vyote viwili."
La kumi na tano hakuliuliza, alilia nalo peke yake:
shangazi huyu, mama mdogo yule,
na Kiingereza kimewatia wote kapu moja.

La arobaini na moja lilikuwa neno moja: hasra.
Mikdad anafungua friji ya mwanawe asiyerudi,
na mwandishi anaandika hilo tu,
hasra, kisha nukta.

Sisi Waswahili tulilichukua zamani neno hilo,
tukalichomeka irabu katikati, likashika moto: hasira.
Kule Mosul limebaki majivu.
Si majuto, maana majuto humtafuta mkosaji.
Si huzuni, huzuni ina kitanda, hulala.
Ni kile kinachobaki mkononi
ukinyoosha kushika kitu, na kitu hakipo.

Alituma Jumanne.
Alama moja ya kijivu chini ya ujumbe.
Ijumaa, bado moja.
Jumapili mpwa wa Dhannun akaandika:
moyo, alfajiri, tumeshamzika.

Basi mwanamke yule, aliyekataa maisha yake yote
kumwongezea mwandishi hata mkato,
akakesha na kamusi tano zimelala chali mezani,
akafuta neno, akaandika sentensi isiyokuwamo:

Aliuacha mlango wazi, taa ndogo ikiwaka, mpaka sakafu ikalowa.

Akaifuta.
Akairudisha.
Asubuhi akaituma London, akaenda kununua maziwa.

Kitabu kilitoka Mei. Ngamia wawili.
Jina lake ndani, jirani na anwani ya mpiga chapa.

Maktabani walikuja watu kumi na mmoja, na biskuti.
Wullie Petrie, fundi wa kiwanda cha saa
mpaka siku kilipofungwa, akasimama,
kitabu chake kimekunjwa kona.
"Huko sijafika," akasema, "wala watu wake siwajui.
Lakini hapa..."
Akaisoma sentensi ile, taratibu, kidole kikiifuata,
kwa lafudhi yake nzito kama uji wa shayiri.
"Mke wangu alipofariki nilifanya hivi hivi.
Huyu Dhannun alijuaje?"

Ishbel akafungua mdomo.
Nje shakwe walikuwa wakigombania chipsi.
Kumi na mmoja wakamngoja.
"Alijua," akasema,
na mpaka leo hajaamua kama ule ulikuwa uongo.

Usiku, kofia ya sufu juu ya birika lililopoa,
aliandika swali la arobaini na mbili, akalituma.
Nalo lina alama moja.